Kwa nini polisi wa Toronto walianza kwa kudhani Barry Sherman alimuua mkewe kisha akajinyonga?

Mwalimu_wa_Buruburu aliuliza:

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kulifikiria jambo ambalo limenikaa rohoni kwa muda mrefu. Wengi wenu mnaifahamu kesi ya Barry Sherman, mwanzilishi wa kampuni ya dawa ya Apotex, na mkewe Honey, waliokutwa wamekufa nyumbani kwao Toronto, Kanada, tarehe 15 Desemba 2017. Mume alikuwa na umri wa miaka 75, mke 70. Mara ya mwisho walionekana hai jioni ya tarehe 13. Nyumba ilikuwa inauzwa, na miili iligunduliwa wakati dalali alipokuwa akiwatembeza wateja. Walipofika kwenye bwawa la kuogelea lililo ndani ya nyumba, wakawakuta wawili hao wamekaa nusu-nusu sakafuni, mikanda ikiwa shingoni mwao na imefungwa kwenye reli iliyo kando ya bwawa.

Siku hiyohiyo polisi walisema hawakuona dalili ya mlango kuvunjwa na kwamba kwa wakati huo hawakuwa wakimtafuta mshukiwa yeyote. Punde vyombo vya habari vikawanukuu watu wa ndani ya polisi, wasiotajwa majina, wakisema kuwa dhana iliyokuwa ikichunguzwa ni kwamba mume alimuua mke kisha akajinyonga. Ilichukua hadi tarehe 26 Januari 2018, wiki 6 kamili, ndipo polisi wakatamka hadharani kwamba hayo yalikuwa mauaji ya watu wawili na kwamba waliuawa kwa kulengwa. Hadi leo hakuna aliyeshtakiwa.

Swali langu ni hili: eneo la tukio linasomwaje hata likatoa jibu la kwanza lililo kinyume kabisa na jibu la pili?

Nina sababu ya kuuliza. Mwaka 2009, katika mtaa wetu huku Eastlands, mume na mke waliokuwa na duka dogo walikutwa wamekufa chumbani mwao. Mimi ni mmoja wa walioingia pale asubuhi ile. Nakumbuka vikombe viwili vya chai mezani vilivyofunikwa kwa visahani, na chai yenyewe haijaguswa. Kabla gari la pili la polisi halijafika, ploti nzima ilikuwa imekwisha kuamua kwamba mume amemuua mkewe akajimaliza. Mama mmoja, kwa nia njema kabisa, alichukua ufagio akafagia sebule kwa sababu waombolezaji wangeanza kuja. Mtoto wao wa kiume alikuwa darasa la 6 wakati huo, na tangu siku hiyo anaitwa mtoto wa muuaji. Ninaposoma habari za akina Sherman, ndiye ninayemwona.

Mpigapicha_Mstaafu alijibu:

Mwalimu, pole sana. Nilipiga picha za maeneo ya uhalifu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitajibu lile ninaloliweza.

Kwanza tuwatendee haki wapelelezi wale. Watu wengi hudhani kwamba mtu hawezi kujinyonga akiwa amekaa, miguu ikigusa sakafu. Anaweza. Uzito wa kichwa na kifua peke yake unatosha kuziba mishipa ya damu ya shingo, na nimepiga picha za watu waliokufa kwenye kitasa cha mlango. Kwa hiyo mtu aliyeingia pale akaona mikanda, reli na milango isiyovunjwa, hakuwa mjinga kulifikiria hilo. Kosa ni kulifikiria hilo peke yake.

Shingo husema. Anayejinyonga, mkanda huvutwa juu kwa uzito wake mwenyewe, kwa hiyo alama hupanda kuelekea nyuma ya sikio na mara nyingi haikutani upande mmoja. Anayenyongwa na mtu mwingine, alama yake huizunguka shingo sawasawa kama kola ya shati. Sasa mtu akinyongwa kwanza halafu akafungwa kwenye reli ili aonekane amejinyonga, alama hizo mbili zinaweza kukaa mahali pamoja, na hapo ndipo daktari anapohitaji muda, taa nzuri na mikono isiyo na haraka. Kuna pia damu: moyo ukisimama, damu hushuka na kutua sehemu za chini za mwili, na baada ya muda wa kama saa 8 hadi 12 madoa yale hayahami tena. Aliyefia akiwa amelala, akakalishwa baadaye sana, madoa yake yatakuwa mgongoni wakati yalipaswa kuwa makalioni na miguuni.

Tarehe 17 Desemba polisi walitangaza chanzo cha vifo vyote viwili kuwa ni kubanwa shingo kwa kitu kama kamba au mkanda. Liangalie tangazo hilo vizuri. Linataja kilichobana, wala halimtaji aliyebana. Familia ndiyo iliyokataa kungoja. Waliajiri wapelelezi wao na daktari wao, na miili ikachunguzwa mara ya pili kabla ya mazishi. Iliripotiwa baadaye kwamba kulikuwa na alama kwenye vifundo vya mikono zinazoashiria kufungwa, ilhali hapakuonekana kamba yoyote. Mtu aliyejinyonga hafungui kamba za mikono yake mwenyewe baada ya kufa na kuzificha. Oktoba 2018 wakili wa familia alieleza mbele ya waandishi kwamba watu wao, waliporuhusiwa kuingia katika nyumba ile, walipata alama zisizopungua 25 za vidole au viganja ambazo polisi hawakuzichukua.

Alama 25, Mwalimu. Hilo ndilo linaloniuma kama mtu wa kazi ile. Ukiisha kujiambia kwamba aliyefanya haya amekaa hapa mbele yangu na amekufa, unaacha kutafuta mtu wa tatu. Kamera haielekezwi mlangoni na unga wa alama za vidole haupakwi kwenye kitasa cha nyuma. Hakuna anayeficha kitu. Ni mkono tu unaolegea. Na yule mama wa ufagio katika mtaa wenu, usimlaumu, maana hakuna askari aliyesimama mlangoni kumzuia, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza kabisa ya askari anayefika wa kwanza.

Mchambuzi_wa_Embakasi alijibu:

Mimi naona jawabu liko wazi. Sherman alikuwa tajiri mkubwa aliyejenga utajiri wake kwa dawa zisizo na jina la kampuni asilia, na alizipeleka kampuni kubwa za dawa mahakamani mara zisizohesabika. Tusisahau kwamba ni Apotex iliyopeleka dawa za kupunguza makali ya UKIMWI nchini Rwanda mwaka 2008, kwa leseni ya lazima iliyotolewa na Kanada. Mtu wa namna hiyo ana maadui. Aidha tuitazame familia, kwa sababu penye urithi mkubwa hapakosi ugomvi. Kuna jamaa mmoja ambaye mimi binafsi ninamtilia shaka, na nikipewa nafasi nitaeleza ni nani na kwa nini.

Wakili_wa_Ngara alijibu:

Ndugu Mchambuzi, nakuomba usimtaje. Sikuombi kwa adabu tu. Nakuomba kwa sababu umekwisha kufanya lile ambalo Mwalimu anauliza lilitokeaje. Umeanza na mtu, sasa unatafuta ushahidi wa kumvika. Habari ya Rwanda ni ya kweli, na ni ya heshima kwa Apotex, lakini haituambii lolote kuhusu nani alikuwa kando ya bwawa lile usiku ule. Kuwa na maadui si sawa na kuuawa na maadui.

Mahakama ya Juu ya Kanada ilikutana na tatizo hilihili kwa upande wa pili. Wasimamizi wa mirathi ya akina Sherman waliomba majalada ya mirathi yafungwe, wakisema kwamba kwa kuwa muuaji hajulikani, warithi wako hatarini. Tarehe 11 Juni 2021 mahakama hiyo ilikataa. Majaji walisema kwamba hatari ya kuuawa ni jambo zito, lakini uzito wa jambo lenyewe hautoshi. Lazima kuwe na ushahidi unaoonyesha kwamba hatari hiyo ipo kweli, la sivyo ni dhana iliyojengwa juu ya dhana. Ikiwa familia iliyofiwa haikuruhusiwa kusimama juu ya dhana ili kujilinda, sisi tulioketi Nairobi tutasimamaje juu ya dhana ili kumshutumu mmoja wao? Hapa kwetu Katiba, Ibara ya 50, inamlinda aliyeshtakiwa kwa kumhesabu hana hatia mpaka ithibitishwe. Huyo unayetaka kumtaja hajashtakiwa hata.

Nirudi kwa Mwalimu. Sisi Wakenya tunalijua vizuri sana neno la kwanza la polisi. Julie Ward, mtalii kutoka Uingereza, alipouawa Maasai Mara mwaka 1988, tuliambiwa ameliwa na wanyama, na maneno katika ripoti ya daktari aliyechunguza mabaki yake yakabadilishwa ili yafanane na hadithi hiyo. Ilibidi baba yake apambane mpaka uchunguzi mbele ya hakimu, mwaka 1989, ukakubali kwamba binti aliuawa. Mwaka 1990 mwili wa waziri Robert Ouko ulipopatikana karibu na kilima cha Got Alila, umechomwa na una tundu la risasi kichwani, lilitolewa wazo kwamba amejiua. Ni mpelelezi aliyeletwa kutoka Uingereza, John Troon, aliyelikataa. Kesi zote hizo mbili hazijapata jibu hadi leo. Siku za mwanzo zilipotea zikitetea neno la kwanza.

Hatua_kwa_Hatua alijibu:

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na ninaomba kusema juu ya ile video tu. Desemba 2021, miaka 4 baada ya vifo, polisi wa Toronto walitoa picha fupi ya kamera ya usalama inayomwonyesha mtu akitembea usiku kwenye barabara yenye theluji karibu na nyumba ile. Walisema muda aliokuwa katika eneo hilo unalingana na muda wanaoamini mauaji yalifanyika, kwamba wamewatambua wapita njia wengine lakini yeye hawajamtambua, na kwamba mwendo wake una kitu cha pekee: kila anapopiga hatua, mguu wa kulia hurushwa juu kwa nyuma.

Nimeitazama video hiyo mara nyingi, pengine zaidi ya inavyostahili. Mguu unaorushwa hivyo unaweza kutokana na goti, nyonga, jeraha la zamani la neva, kiatu kisichokaa vizuri, au theluji inayong'ang'ania soli. Ili nimtofautishe mtu mmoja na mwingine, ninahitaji kumwona akitembea mbele yangu mara kadhaa, akiwa na viatu na bila viatu. Kwa hiyo mtu yeyote anayesema amemlinganisha fulani na mtu yule kwa kutazama picha zake za harusi mtandaoni, anajidanganya. Video ile ina faida kwa mtu mmoja tu, yule anayemfahamu mtembeaji huyo, aliyekwisha kuuona mwendo ule ukikatiza uani miaka nenda miaka rudi. Nadhani polisi walikuwa wakizungumza naye, na kwamba walichelewa miaka 4 kumwuliza ni huzuni kubwa. Zawadi ambayo familia iliahidi kwa atakayetoa taarifa za kumpata muuaji ilianza kwa dola milioni 10 za Kanada, na mwishoni mwa 2022 ikapandishwa hadi milioni 35, zaidi ya shilingi bilioni 3 za kwetu. Hata hivyo hakuna aliyeshtakiwa.

Mwalimu_wa_Buruburu alijibu:

Nawashukuru wote, na hasa wewe Mzee Mpigapicha, kwa kuniondolea mzigo juu ya yule mama. Bado yuko hai, na nimekuwa nikimkwepa dukani kwa miaka mingi bila yeye kujua sababu.

Wakili, nina ombi. Yule kijana sasa ni mtu mzima, ana kazi yake. Wazazi wake walizikwa bila kuchunguzwa na daktari wa pili, na sidhani jalada lilifika kwa hakimu yeyote. Je, bado kuna mlango wowote?

Wakili_wa_Ngara alijibu:

Upo, Mwalimu. Kosa la kuua halichachi hapa Kenya. Hakuna muda ambao ukipita mashtaka hayawezi kufunguliwa. Aidha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, kifungu cha 387, inampa hakimu uwezo wa kuchunguza chanzo cha kifo cha mtu anayedhaniwa kuuawa au kujiua. Kijana mwenyewe, kama mwana wa marehemu, amwandikie Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akiomba jalada liitwe na uchunguzi huo ufanywe. Nisimpe matumaini ya uongo: sebule ilifagiwa, na miaka imepita. Hata hivyo ripoti za kwanza za daktari hazipaswi kuwa zimetupwa, na kama Mzee Mpigapicha anavyoeleza, alama ya shingo iliyopigwa picha vizuri inaweza kusomwa upya na jicho jingine. Cha kwanza atakachoulizwa ni nambari ya kitabu cha matukio cha siku ile. Anayo?

Mwalimu_wa_Buruburu alijibu:

Anayo. Nimempigia simu sasa hivi. Askari mmoja alimpa ikiwa imeandikwa kwenye kipande cha karatasi, naye kwa kuogopa kisipotee akainakili kwa penseli nyuma ya picha ya harusi ya wazazi wake. Amenisomea tarakimu moja moja. Jumamosi anakuja kwangu tuiandike barua.