Naomba ushauri: viwanja vya kando ya barabara kuu Usa River, tupendekeze nini?

Habari zenu wakuu. Kitongoji chetu hapa Usa River, kando ya barabara ya Arusha–Moshi, kimeombwa maoni kuhusu matumizi ya ardhi, nami nimo kwenye kamati. Wenye viwanja wanataka kitu kimoja tu: fremu za maduka mwanzo mwisho, milango itazame lami.

Mimi nasita. Barabara ya njia nne kutoka Sakina, Arusha, inaishia Tengeru, kabla ya kwetu, na upanuzi unaweza kutufikia; tena hifadhi ya barabara kuu (eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara) siku hizi ni mita 30 kila upande kutoka katikati, si 22.5 za zamani. Anayemwaga zege humo leo anamjengea tingatinga. Na kila fremu ikijitengenezea njia yake ya kuingilia, magari yatakata kona kila hatua chache. Jioni ndiyo balaa: akina mama wa ndizi wanapanga matenga hadi kwenye mstari mweupe, daladala inasimama palepale, wanafunzi wanavukia mbele yake na dereva anayeipita hawaoni.

Nawaza barabara moja ya huduma (ndogo, sambamba na barabara kuu, ya kuingilia madukani) nje ya hifadhi, maingilio machache, na genge la matunda libaki jirani na kituo. Likipelekwa ndani, wateja hawalifuati, akina mama watarudi barabarani wiki hiyohiyo.

Mliowahi kupitia urasimishaji wa makazi au mipangomiji: mliwashawishi vipi wenye viwanja wamege kipande cha mbele kwa ajili ya barabara hiyo ya huduma? Na kituo kikae kabla ya zebra au baada? Mimi naona baada, abiria wavukie nyuma ya gari. Wengine kwenye kamati wanapinga.