Kadi ya grafiki kwa kompyuta ya ofisini: GTX 1650, RTX 3050 ama RX 6600?

kijana_wa_maweni
Salaam wakuu. Niko Malindi, nina Dell OptiPlex 7020 ya mtumba niliyoinunua kwenye ofisi iliyokuwa ikifungwa. Prosesa i5-4590, RAM GB 16, monita ya 1080p. Mpaka leo natumia grafiki ya ndani ya Intel, na GTA V nimeishusha hadi barabara zimekuwa kama uji. Nimedunduliza elfu 25. Kuna jamaa hapa mjini ana GTX 1650 iliyotumika, duka moja Mombasa wana RTX 3050 mpya ila itanimaliza mfuko, na kuna muuzaji wa Nairobi ana RX 6600 anayoapa kuwa ni safi kama pamba. Nacheza zaidi mpira na GTA, lakini nataka kuonja gemu za sasa. Nichukue ipi?

bwana_fremu
RX 6600, wala usijiulize. Ina memori ya GB 8, imetoka Oktoba 2021 na kwa 1080p bado inawaacha hao wengine wawili mbali. 1650 ni ya 2019, GB 4 zake zinajaa hujatoka kwenye menyu. Ile gemu ya Indiana Jones ya Desemba 2024, kwa upande wa AMD (ndio wenye hizi RX) kiwango cha chini walichoandika ni hiyo hiyo RX 6600. Gemu hiyo inadai rei tresing (kadi kukokotoa miale ya mwanga) na 1650 haina kabisa, kwa hiyo huko hata mlangoni hufiki.

fundi_wa_shela
(Shela ya Malindi, si ya Lamu, kabla hamjaanza.)
Bwana Fremu, unampeleka mtoto wa watu pabaya. 6600 inakula wati 132 na inataka kebo yake ya pini 8 kutoka kwenye pawa saplai. Kwenye Dell hiyo, kebo hiyo hutaiona. Sloti yenyewe, lile tundu la kadi kwenye ubao mama, inatoa wati 75 basi, na ndiyo sababu 1650 nyingi zimekomea hapo hapo.
Na usiseme "nitabadilisha pawa saplai tu". Ubao wa 7020 haupokei plagi ya kawaida ya pini 24, Dell waliweka ya kwao ya pini 8. Adapta zipo, nimeshazifunga kadhaa, lakini piga hesabu: kadi, pawa saplai ya maana, adapta. Elfu 25 yako imekwisha na bado una prosesa ya 2014 yenye koa nne. Kwenye gemu nzito utaona fremu 70 kwa sekunde, mara 30, mara 70. Kichwa kitakuuma.

bwana_fremu
Prosesa atabadilisha mbele ya safari. Kadi nzuri unahama nayo.

binti_gede
Kijana, hiyo 3050 ya Mombasa ni GB ngapi? Usilipe kabla ya kujua. Jina ni moja, kadi ni mbili. Ya GB 8 ni ya 2022, inakula wati 130, utarudi kwenye shida ile ile ya kebo. Ya GB 6 ilitoka Februari 2024, ina nguvu pungufu, lakini ni wati 70 na nyingi hazina kebo: unachomeka, unaweka draiva, unacheza. Mimi ninayo hiyo ndogo. Mpira unaenda bila kusuasua, na GTA naiweka juu kuliko nilivyotegemea. Gemu mpya nashusha mipangilio na kuwasha DLSS (kadi inachora picha ndogo kisha inaikuza, fremu zinaongezeka), ambayo 1650 haina.

kijana_wa_maweni
Dada, shukran. Nimewapigia, wanasema kwenye boksi imeandikwa GB 6.

amu_kwetu
Niko Lamu, kwa hiyo kila kitu kwangu kinakuja kwa basi mpaka Mokowe, halafu boti. 1650 yangu niliagiza Mombasa, nikaivusha nimeipakata mapajani kama mtoto wa arubaini. Kufika nyumbani GPU-Z, ile programu ya kutambua kadi, ikaweka alama ya bandia mbele ya jina. Ndani ilikuwa kadi ya zamani mno, wameibadilisha jina tu. Muuzaji simu haishiki tena.
Ya mtumba, yakhe, usitoe hela hujaiona ikifanya kazi. Nenda na GPU-Z kwenye flashi, iwashe gemu nusu saa, sikiliza feni. Huyo wa Nairobi atakukubalia hilo?

kijana_wa_maweni
Nimemuuliza. Anasema nitume pesa kwanza, "niamini tu kaka".

amu_kwetu
Basi jibu umelipata.

fundi_wa_shela
Na si ulaghai peke yake. 6600 nyingi za mtumba zilikuwa za wachimbaji wa sarafu za kidijitali, kadi zinakokotoa bila kupumzika ili walipwe sarafu, wakazimwaga sokoni sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa hivyo Septemba 2022. Kuchimba si lazima kuiue kadi, ila feni zake zimezunguka usiku na mchana.
Huku kwetu ongeza chumvi. Wiki iliyopita nimeletewa kadi kutoka nyumba iliyotazamana na bahari: skrubu za bamba la nyuma zimeota kutu nyekundu, na meno ya dhahabu yanayoingia kwenye sloti yamefifia hadi mashine haiioni kadi. Nikayafuta kwa raba ya penseli, taratibu, upande mmoja mmoja, ikawaka. Ya jamaa wa mjini ikague hapo kwanza. Na uwe na UPS (betri ya akiba), umeme wetu unaujua.
Swali ambalo hakuna aliyeuliza, na mimi nimo: 7020 yako ni ile ya kusimama au ile nyembamba? Zilitoka zote mbili. Fungua, pima urefu wa bamba la nyuma la sloti. Ikiwa kama sentimita 12, endelea na 3050. Ikiwa 8, ni ile nyembamba, usinunue: kadi ya kimo cha kawaida haitaingia.

kijana_wa_maweni
Mimi naisimamisha, nikadhani ndiyo ya kusimama. 😅 Nimepima kwa rula ya mdogo wangu. Nane kasoro kidogo.

bwana_fremu
Lahaula.

binti_gede
3050 GB 6 za kimo kifupi zipo, nimeziona.

fundi_wa_shela
Zipo, lakini karibu zote ni nene, zinachukua nafasi mbili, na kwenye makasha haya sloti inabanana. Itakayoingia bila ugomvi ni RX 6400 nyembamba, wati 53. Tatizo lake inatumia njia nne tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na ubao), imetengenezwa kwa toleo la 4 na ubao wako ni wa 3, kwa hiyo inapungua nguvu. Kwa hela hiyo mimi singeinunua. Uza hiyo mashine, tafuta ya kusimama, hata ikiwa 7020 ile ile, halafu uweke 3050.

kijana_wa_maweni
Shangazi ana saiba Barani, amekuwa akiitamani tangu niilete. Ngoja nimpitie jioni kabla hajafunga.