Saa ya zamani ya enameli: ya kuchorwa, ya giloshe au ya shampleve?

Mpenda_Majira
Wakuu habarini. Nimeweka akiba miaka minne ninunue saa moja tu ya mfukoni ya zamani yenye enameli, yaani unga wa kioo ulioyeyushwa kwa moto juu ya chuma kama dhahabu. Nimebakiwa na tatu: ya Geneva yenye picha ya mama na mtoto nyuma ya kasha, ya giloshe ya buluu, na ya shampleve yenye maua. Bei zinakaribiana. Mngechukua ipi?

FundiKasha
Ya kuchorwa, mkuu! Mfaransa Jean Toutin wa Châteaudun ndiye anayetajwa kuianzisha sanaa hiyo, miaka ya 1630: enameli nyeupe inachomwa kwanza juu ya dhahabu, kisha inachorwa kwa brashi. Familia ya wachoraji ya Huaud ikaipa sifa Geneva. Rangi ni unga wa oksidi za madini uliosagwa na mafuta ya lavenda, na kila hatua inarudi tanurini, kwenye joto la nyuzi 800 hivi. Rangi zinazostahimili moto hutangulia. Uchomaji wa mwisho ukienda vibaya, kazi ya wiki nyingi imepotea. Geneva walifunika picha kwa tabaka la kioo safi, fondanti, ndiyo maana nyingine bado zinang'aa.

Weka kioo cha kukuzia kwenye shavu la huyo mama. Huoni mistari, unaona nukta: nyekundu, njano, kijivu. Ukiondoa kioo, ni ngozi ya mtu. Mimi huwa nanyamaza kabisa nikiiona.

BintiMrima
Kaka FundiKasha, mimi naipenda giloshe. Chuma kinachongwa mistari kwa mashine, kisha kinafunikwa enameli inayopitisha mwanga. Igeuze juani uone mawimbi yanavyokimbia chini ya ile buluu. Picha haina uhai huo.

Mzee_wa_Saa
Wanangu, mbona hamjamuuliza ataivaa au ataihifadhi? Kwenye shampleve chuma huchimbwa vishimo, unga ukajazwa humo na kuchomwa, kwa hiyo kingo za chuma zinailinda enameli. Kama ni ya kutembea nayo, chukua hiyo.

Mpenda_Majira
Shikamoo mzee. Ni ya kuhifadhi.

Mzee_wa_Saa
Marahaba. Basi FundiKasha amesema kweli, ila ikague.

FundiKasha
Iinamishe taratibu chini ya taa utafute ufa mwembamba kama unywele. Kisha zima taa, umulike kwa tochi ya urujuanimno. Palipozibwa kwa gundi na rangi isiyochomwa, mara nyingi pataonekana tofauti. Kuirudisha saa ya zamani tanurini ni hatari, kwa hiyo viraka hivyo ni vingi.

BintiMrima
Na usafi pia! Yangu niliipeleka kwa fundi mmoja, akaitumbukiza na kasha lake kwenye mashine ya kusafishia kwa mtetemo. Ikarudi na ufa kutoka pindoni hadi katikati. Nililia. Mwambie fundi atoe mtambo kwanza, kasha asiliguse.

Mpenda_Majira
Nimetoka dukani sasa hivi. Giloshe ina ufa mrefu karibu na bawaba. Ile ya picha ina kiraka cha ukubwa wa punje ya mtama kwenye pindo la gauni, muuzaji amekikubali na kupunguza bei. Uso wa mama ni mzima, na zile nukta nimeziona. Nimeichukua.