Filta ya hidrojeni itafua dafu kwa taa za Dar?

anga_kinondoni: Wakuu habari za usiku. Napiga picha za anga nikiwa kwenye roshani hapa mjini, nina DSLR ya kawaida na traka ndogo (kile kifaa kinachozungusha kamera kufuata nyota). Mwezi huu wa saba anga liko safi, nebula ya M8, lile wingu la gesi, inapita juu kabisa, lakini nikiacha shata wazi dakika mbili tu picha inakuwa nyeupe kama maziwa, LED kila kona. Hizi filta za bendi nyembamba, zinazopitisha kipande kidogo tu cha rangi, upana wa nanomita 7 au 3 (7nm na 3nm), zinafanya kazi kweli au ni biashara ya watu? Maana bei zimesimama.

kilimia77: Zinafanya kazi mkuu, ila inategemea unapiga nini. Gesi ya nebula haing'ai rangi zote, hidrojeni inatoa wekundu wake pale 656.3nm, oksijeni 500.7, salfa 671.6 na 673.1, wakati LED inamwaga karibu kila rangi, kwa hiyo ukifunga 7nm hidrojeni inapita na takataka nyingi za taa zinabaki nje. Enzi za taa za sodiamu ilikuwa rahisi, zile mwanga wao mwingi uko 589 hapo. Ila galaksi au Kilimia sahau, ule ni mwanga wa nyota, filta itakula kila kitu.

fundi_lenzi: Kabla ya filta angalia kamera. DSLR ya dukani ina kioo mbele ya sensa kinachozuia sehemu kubwa ya huo wekundu, na kidogo kinachopita kinaonwa na pikseli nyekundu tu, moja kati ya nne. Toa kile kioo kwanza, kisha chukua filta ya bendi mbili inayopitisha hidrojeni na oksijeni pamoja. Na kama lenzi yako ni f/2, yaani mdomo mpana sana, achana na 3nm ya kawaida, miale inaingia kwa pembe kali dirisha la filta (rangi inazopitisha) linahamia upande wa bluu, hidrojeni yenyewe inakatwa

mzee_wa_mafuta: Hela ya filta jaza mafuta uende mbugani Saadani, giza bure 😂

kilimia77: Saadani kila usiku utaweza? Na mwezi mpevu unaufanyaje? Hidrojeni unapiga hata mwezi ukiwaka, oksijeni ndo inaumia.

anga_kinondoni: Na zile rangi za picha za darubini ya Hubble?

kilimia77: Kama ile picha yake ya nguzo za gesi ya 1995? Salfa wanaipa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni bluu. Hapo ni filta tatu na masaa mengi ya kukusanya fremu, salfa yenyewe hafifu, we anza na bendi mbili. Shata dakika tano kama traka inahimili, na ukishafunga filta weka fokasi upya.