Tupeane uzoefu: bahasha, kura na mimbari nchini Indonesia

Kwa wale mliosoma, mlioolewa au mliofanya kazi Indonesia nyakati za uchaguzi, naomba tusimuliane mliyoyashuhudia. Naanza mimi. Mwaka 2014 nilikuwa mwanafunzi Yogyakarta, nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane. Tarehe 9 Aprili, siku ya kuchagua wabunge, hodi ilibishwa kabla ya adhana ya alfajiri, akapokea bahasha yenye noti ya buluu ya rupia 50,000 iliyobanwa kwa pini pamoja na kadi ya mgombea. Wenyewe huiita serangan fajar, yaani shambulio la alfajiri. Aliisukumia chini ya kopo la sukari, akatawadha, akaswali, kisha akaniambia kwamba hiyo ilikuwa ya tatu na kwamba kura yake ataijua yeye na Mola wake. Sikuthubutu kumkumbusha hukumu ya rushwa, maana kodi ya mwezi ule nilikuwa bado sijamlipa.

Mchangiaji kutoka Tanga:
Mimi nilikuwa Jakarta mwaka 2017. Gavana Basuki Tjahaja Purnama, Mkristo mwenye asili ya Kichina, alisifika kwa kuwabana wala rushwa, lakini maneno yake ya Septemba 2016 juu ya aya ya 51 ya Suratul Maida, ambayo wapinzani wake waliitumia kuwakataza Waislamu kumchagua kiongozi asiye Mwislamu, yalimponza. Msikiti wa mtaani kwetu ulitundika bango kwamba maiti ya anayemuunga mkono haitaswaliwa. Mzee jirani yangu alikiri kuwa mtaro wetu ulizibuliwa enzi za gavana huyo, ila akauliza, nani atanizika? Aprili gavana alishindwa uchaguzi, na Mei akahukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kosa la kukashifu dini.

Mchangiaji kutoka Unguja:
Vyama vya dini navyo havikusalimika. Nilikuwa Surabaya Machi 2019 wakati tume ya kupambana na rushwa, KPK, ilipomkamata mjini humo Romahurmuziy, mwenyekiti wa PPP, chama chenye nembo ya Kaaba, kwa tuhuma za kuuza vyeo vya Wizara ya Dini, ikiwa imebaki kama mwezi mmoja kabla ya uchaguzi. Mwenyekiti aliyemtangulia, Suryadharma Ali, aliyewahi kuwa waziri wa wizara hiyohiyo, alikwishahukumiwa mwaka 2016 kwa fedha za Hija. Tajiri wangu wa duka, aliyekuwa akingoja zamu yake ya kuhiji kwa mwaka wa tisa, alizima televisheni, akaitungua kalenda ya chama ukutani na kuagiza mkasi. Jina la chama alilikata akalitupa; Kaaba akairudisha ukutani.