Vipimo viko poa, mazoezi nafanya, ila sijisikii mzima: hizi pande nane za ustawi mtu anaanzia wapi?

ChanikaMwisho

Wakuu habari za saa hizi, naomba mwenye uelewa anisaidie maana hili jambo linanizunguka kichwani. Kazini walituletea semina ya ustawi wa wafanyakazi, mtoa mada akachora duara akaligawa vipande nane: mwili, hisia, akili, jamii, kazi, pesa, mazingira na roho. Akasema kila mtu ajipe maksi moja mpaka kumi kwenye kila kipande af aangalie kama duara lake linaweza kuzunguka. Tukajaza, tukapiga picha ya pamoja, tukala, basi. Hakuna aliyetuambia ukishajaza unafanya nini.

Naweka yangu hapa. Mwili nilijipa 8 kwa sababu nipo kwenye jogging ya mtaani, Jumapili alfajiri tunakimbia na katikati ya wiki nikipata upenyo natembea, soda nimeacha, nilipima sukari iko poa, HB (wingi wa damu) 12.4, presha 138 kwa 88 wakaniambia haina shida. Akili 7, nipo idara ya hesabu kwa hiyo kichwa kinafanya kazi. Kazi 6. Mazingira 5 maana Chanika mpaka mjini asubuhi mnajua wenyewe. Hisia 3, jamii 3, roho 3, pesa 2.

Hiyo ya pesa naielewa. Tuko kina mama watano tulikopa kwa kudhaminiana, ile mikopo ya riba kubwa wanaiita kausha damu, mwenzetu mmoja kahama usiku na simu haipatikani, sasa marejesho yake tunalipa sisi tuliobaki na kila Jumatano afisa mkopo yuko mlangoni. Ila hizo zingine sielewi zimeporomokaje. Mimi nilikua mtu wa watu jamani, zoezi la kwaya nilikua sikosi hata mvua inyeshe, saivi nikitoka kazini nataka nifike tu nilale na nikilala usingizi hauji, naamka saa nane usiku napiga hesabu kichwani mpaka majogoo yanaanza. Mume anaona kabisa nimebadilika, tukianza kuongea inaishia ugomvi.

Swali langu, hizi pande nane ni kitu cha kweli au ni maneno ya semina tu? Na kama ni kweli naanza na upi, au nashughulika na zote kwa pamoja?

Nesi Mkongwe

Mdogo wangu pole sana. Kitu cha kweli kipo ila hiyo namba nane isikuumize kichwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) kwenye katiba yake ya 1946, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, lilisema afya ni mtu kuwa mzima kimwili, kiakili na kijamii, sio kutokuwa na ugonjwa peke yake, kwa hiyo hapo tayari una pande tatu. Halafu 1976 daktari mmoja Mmarekani anaitwa Bill Hettler akaja na pande sita, pesa na mazingira hazikuwemo, wenzake wakaja kuziongeza baadaye. Kwa hiyo ukikuta mwingine anakufundisha sita na mwingine nane wala usishangae. Hakuna maabara inayopima vitu hivi, ni njia ya mtu kujikagua asije akasahau upande mmoja kwa sababu mwingine unang'aa.

Na ndicho ninachokiona kwako. Hiyo 8 ya mwili mi nakupunguzia. Mazoezi safi, mtu mzima anashauriwa walau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani na kutembea kwako kunahesabika, hongera. Lakini usingizi nao ni mwili, mtu mzima anatakiwa apate masaa 7 au zaidi na wewe kuanzia saa nane uko macho, hapo mwili haujapumzika hata ukimbie mpaka Pugu na kurudi.

Af presha. 138 kwa 88 haijafika 140 kwa 90 ambapo tunasema imepanda, lakini iko jirani kabisa na wewe bado mdogo, usiichukulie poa. Karudie kupima siku tofauti tofauti. Ukifika kaa kwanza dakika tano umetulia, mgongo uegemee kiti, miguu yote miwili chini sio umekunja nne, mkono uwekwe mezani usawa wa moyo, na usiongee wakati mashine inapima. Watu wengi wanapimwa wametoka kugombania daladala bado wanahema, wengine wanapimwa huku wanajibu maswali, halafu ile namba ndio inaandikwa kwenye kadi.

Jambo la mwisho, kama huku kukosa usingizi na kutofurahia vitu ulivyokua unavipenda kumepita wiki mbili mfululizo, nenda kwa daktari na umwambie hivyo hivyo kama ulivyotuandikia. Usiseme tu "nachoka" kwa sababu kuchoka kunasemwa na kila mgonjwa na utarudi nyumbani na vidonge vya vitamini. Na siku ukianza kuona bora usiwepo, siku hiyo hiyo uende hospitali, usisubiri asubuhi.

Mkweli Daima

Nesi namheshimu lakini mi naona tunamzungusha dada wa watu. Tatizo lake ni moja, PESA. Hizo pande nane ni za watu ambao wameshashiba, mtu anadaiwa kila Jumatano unamwambia habari za roho na mazingira? Deni likiisha leo kesho usingizi unarudi, presha inashuka, na mume anacheka.

Cha maana nitakachokuongezea, mwangalie huyo mkopeshaji wenu kama ana leseni. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka mkopeshaji awe amesajiliwa, na Benki Kuu ndio inatoa leseni kwa makampuni ya mikopo, orodha ya wenye leseni wanaiweka wazi kabisa kwenye tovuti yao. Novemba 2024 walitangaza na majina ya programu za simu 69 zilizokua zinakopesha bila kibali. Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi nyingine omba mkataba, usome riba na usome kilichoandikwa kuhusu mdhamini. Kuna watu wanalipa vitu ambavyo kwenye mkataba havimo.

Bint wa Muscat

Mkweli Daima kwenye leseni uko sawa ila kwenye pesa sikubaliani na wewe. Mimi nipo Oman kazi za ndani, kama nijaze hilo duara pesa najipa 8, nyumbani nimejenga na wadogo zangu wanasoma. Lakini kuna kipindi nilikua nalala nalia. Nyumba yote Kiarabu, sina wa kucheka nae, wa kuniita jina langu vizuri hayupo, simu ya nyumbani ni usiku wa manane kila mtu kishalala na anayepokea anaanza na shida. Pesa ilikuepo na mwili mzima ulikua unauma, hospitali wanapima hawaoni kitu.

Kilichonisaidia ni madada wa kwetu tunaokutana siku ya mapumziko, tunapika pilau, tunasukana, tunaongea Kiswahili mpaka jioni, na madeni ya watu nyumbani hatuyaongelei siku hiyo, tumekubaliana. Sasa usiseme upande wa jamii ni wa walioshiba. WHO wenyewe 2025 walitoa ripoti wakasema mtu mmoja kati ya sita duniani anaumwa upweke, na hao sio matajiri tu.

Mzee wa Baraza

Bi dada nimekusoma mara mbili, na Bint wa Muscat kanitoa kwenye njia ya kulifikiria hili jambo. Sikiliza. Maji yakivuja darini hayashuki pale pale paa lilipotoboka, yanakwenda na boriti yakashuka chumba cha pili, wewe ukashughulika kupaka chokaa kule kwenye doa. Umejipa 3 kwenye jamii, 3 kwenye roho, 3 kwenye hisia. Mimi nnauliza, hao kina mama mliokopa pamoja ni kina nani? Maana watu hawadhaminiani na mtu wasiyemjua. Ni majirani? Au ndio hao hao unaoimba nao kwaya?

Na kuhusu kuanza na zote nane kwa pamoja, usifanye hivyo. Zimbabwe kuna daktari wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, 2006 alianza kule Mbare, Harare, kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kumsikiliza mtu aliyezidiwa na mawazo. Mpango wenyewe unaitwa Friendship Bench na umeshafika mpaka huku kwetu Zanzibar, na sisi watu wa baraza hatukuona ugeni wowote, maana kukaa na kusemeshana mlangoni ndio maisha yetu. Lakini bibi yule hakai tu akatikisa kichwa. Anakuacha uyamwage yote, umalize, halafu anakuuliza tushike lipi mwanzo. Mnashika moja. Mnatafuta hatua moja unayoiweza wewe mwenyewe kabla hamjaonana tena, na ukirudi anakuuliza, umeifanya? 2016 wakachapisha matokeo ya utafiti wao, waliokaa kwenye benchi sonona na wasiwasi vilipungua zaidi kuliko kwa waliopewa huduma ya kawaida. Kwa hiyo wewe shika moja, na mimi nnahisi hiyo moja sio pesa na wala sio usingizi.

ChanikaMwisho

Mzee wangu shikamoo. Nimekaa na hilo swali lako kwenye daladala toka Gongo la Mboto mpaka nashuka. Ndio, watatu kati yao tunaimba wote, sauti ya kwanza, na aliyekimbia ndio alikua mwalimu wetu msaidizi. Mimi ndio nilimleta kwenye kikundi kwa hiyo wenzangu wakiniangalia naona kama wananidai mimi, hakuna aliyesema lakini naona. Na tukikutana Jumatano ni kuhesabu pesa tu mbele ya afisa halafu kila mtu anashika njia yake, hatujawahi kukaa sisi wanne peke yetu toka jambo litokee. Kwa hiyo kwaya sijaiacha kwa uchovu. Nawakwepa.

Nesi asante, nitarudia presha na usingizi nitamwambia daktari kama ulivyosema. Mkweli mkataba sijawahi kupewa nakala, nitaiomba. Ila sasa hao wenzangu naanzaje nao?

Nesi Mkongwe

Hapo mzee kanizidi, mimi niliangalia namba. Naongeza tu kwamba mume nae mhusishe kwenye hilo la wenzako na sio kwenye hesabu, mwambie unavyojisikia ukiwaona kanisani. Mnagombana kwa sababu kila mkikaa mnaongelea hela na hela hampati jibu.

LikoniKwetu

Dadangu niko Mombasa na chama, yaani kikundi cha kuchanga na kukopeshana pesa, ni maisha yetu huku, nimekuwa mweka hazina kitambo, wacha nikwambie vile sisi hufanya mtu akitoroka na pesa. Kwanza mnaketi bila mkopeshaji. Nyumbani kwa mmoja wenu, si kanisani, kanisani mtu hawezi kusema kile kiko moyoni. Hiyo siku msianze na pesa, anza wewe useme mimi nilimleta na limeniuma, useme umewakosa, halafu unyamaze. Usijitetee. Waache wao pia waseme, pengine utapata kila mmoja alidhani wenzake wanamlaumu yeye.

Pili ndio mnagawa mzigo, na si lazima iwe sawa kwa sawa. Kuna mwenye biashara inatembea na kuna mwenye mtoto mgonjwa, mwenye nguvu abebe zaidi kwa sasa na mwingine amrudishie mbele ya safari. Tatu mnaenda nyote kwa meneja wa tawi, si kwa huyo afisa wa mlangoni, mnaomba muda uongezwe na mnaeleza kiasi mnachoweza kila wiki. Mkopeshaji akiona watu wanne wameshikana ataongea tofauti na vile anaongea na mmoja mmoja jikoni kwake. Kila kitu mnachokubaliana mnakiandika, tarehe, kiasi, sahihi. Kwetu chama kilichovunjika hakikuvunjwa na yule aliyetoroka, kilivunjwa na wale waliobaki wakaogopa kuangaliana.

ChanikaMwisho

Likoni asante sana, nimeshamtumia mmoja meseji, amejibu Jumamosi jioni kwake, na ameandika "hata mimi nilikua natafuta pa kuanzia". Sasa hiyo ya kuandikiana, mmoja wetu hajui kusoma na huwa anaficha, sitaki aone tunamuaibisha mbele ya wengine. Tunafanyaje?

LikoniKwetu

Isomwe kwa sauti kwa wote wanne kabla mtu yeyote hajatia sahihi, iwe ndio utaratibu wenu, hapo hakuna atakayeonekana ni kwa sababu yake. Na yeye aruhusiwe kuja na mtu anayemwamini, bintiye au dadake, amchague mwenyewe. Halafu nyote mtie dole gumba, hata wewe wa hesabu.