Naomba ushauri: ultrasaundi badala ya eksirei kwa mkono wa mtoto

Hamjambo ndugu zangu. Binti yangu wa miaka 7 ameanguka na baiskeli jana jioni hapa Kisauni, akajizuia kwa kiganja. Mkono haukupinda, ila juu ya kifundo, upande wa kidole gumba, pamevimba na hataki paguswe. Vidole anavichezesha. Nimemfunga mkono kifuani kwa leso. Bibi yake anataka akandwe mafuta, nimekataa kabisa. Mfupa usiojulikana hali yake haukandwi.

Mwaka huu ameshapigwa eksirei za kifua, ndiyo maana naulizia kipimo kisicho na mionzi. Eksirei ya mkono ina mionzi kidogo mno, najua, na daktari akiitaka sitamnyima. Lakini kuna utafiti wa Australia uliotoka 2023: watoto 270 wa miaka 5 hadi 15, walioumia karibu na kifundo, baadhi wakaanza na ultrasaundi, wengine eksirei. Baada ya wiki 4, wa ultrasaundi walitumia mikono yao sawa na wenzao. Mkono uliopinda waziwazi haukuhusika, na mpimaji lazima awe amefundishwa kusoma mifupa, si mimba tu.

Leo asubuhi twaenda hospitali. Kuna aliyempimisha mtoto hivyo hapa Mombasa, iwe kisiwani au Nyali? Walimtoza kiasi gani? Na ufa ukionekana, bado alipigwa eksirei kabla ya kufungwa plasta?